Afisa Mwenye Kibir

Kuna watu wenye kiburi, na kuna watu ambao kiburi ndicho chenye wao. Bwana Nyabuto alikuwa wa kundi hilo la pili, na hakuna aliyelijua jambo hilo vizuri kuliko Billow, mkalimani wake, aliyeshinda kutwa nyuma ya kiti chake akiyageuza majigambo yake yawe Kisomali.

Kiti chenyewe kilikuwa kisa. Bwana Nyabuto alipoletwa kutoka kwao Kisii kuongoza kituo kile kidogo, kando ya njia ya Garissa kwenda Wajir, jambo la kwanza aliloagiza halikuwa maji, wala dawa, wala posho ya askari. Aliagiza matofali. Kiti kikapandishwa juu ya matofali ili kila atakayekuja na shida yake aieleze akiwa ameinua shingo. Kisha akagundua kwamba wazee wa huku ni warefu, akaongeza matofali mengine. Ikawa sasa mwenyewe hawezi kukipanda bila kusukumwa na askari, na akishapanda, miguu inaning'inia kama ya mtoto aliyepakiwa juu ya punda. Kofia yake ngumu, aliyoirithi kwa mzungu aliyemtangulia, ilikuwa na askari wake maalumu wa kuishika. Askari huyo hakupewa bunduki, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Na huo ulikuwa wakati wa vita!

Ndiyo, vile vita vya shifta. Serikali changa ya Kenya na vijana waliotaka upande huu ujiunge na Somalia walikuwa wakiwindana vichakani, na wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, ingawa huku kwetu hata nyasi zenyewe ni za kutafuta kwa tochi. Watu walikusanywa kwenye vijiji karibu na vituo, wakazungushiwa ua wa miiba, wakatangaziwa kwamba mnyama atakayeonekana ng'ambo ya mpaka wa kijiji bila ruhusa atahesabiwa kuwa mnyama wa shifta.

Sasa ngamia hasikii matangazo. Barwako, ngamia jike wa mama mmoja aitwaye Shamis, aliona mgunga uliochipua majani mabichi ng'ambo ya mpaka, akaenda kuyala. Askari wakamkuta hapo hapo, mdomo umejaa ushahidi. Wakamswaga hadi kituoni, wakamfungia zizini pamoja na mifugo mingine iliyokamatwa, kungoja siku ya kupelekwa mnadani Garissa. Na mnyama aliyeuzwa mnadani, hata mwenyewe ulie machozi ya damu, harudi.

Shamis alikuwa mjane, tena shangazi yake Billow, dada wa baba yake. Barwako ndiye aliyekuwa kifungua kinywa chake na chakula chake cha jioni, yeye na wajukuu wake. Nyumbani alikuwa amebaki nirigi, mtoto wa ngamia huyo, ambaye bado alikuwa ananyonya na ambaye alimlilia mama yake mpaka sauti ikamkauka. Shamis akajitanda shuka yake iliyo safi, akaenda kituoni.

Bwana Nyabuto alimpokea kwa hotuba. Alimweleza jinsi alivyofaulu mtihani uliowashinda wenzake. Alimweleza jinsi kwao walivyochinja fahali siku alipopata kazi, na wakachinja mwingine siku alipopata kofia. Billow alitafsiri yote. Shamis alisimama kwenye jua lile la Garissa, akisikiliza habari za mafahali wa Kisii, huku akimsikia Barwako akikoroma nyuma ya ua wa miiba. Alivumilia fahali wa kwanza. Alivumilia wa pili. Bwana Nyabuto alipokaribia kumleta wa tatu, mama wa watu uvumilivu ukamwishia. Akamgeukia mtoto wa kaka yake, akasema kwa sauti ambayo kijiji kizima kingeisikia:

"Ninkan kibir baa haya!"

Yaani, mtu huyu ameshikwa na kibir. Kisomali na Kiswahili ni lugha mbali mbali, na afisa wa bara angeweza kutukanwa kutoka asubuhi hadi magharibi naye akatikisa kichwa na kushukuru. Lakini yako maneno machache ambayo lugha zote mbili ziliyaokota kwa Mwarabu mmoja, na kibir ni mojawapo. Katika maneno yote ya dharau ambayo Mungu aliwajalia Wasomali, na aliwajalia kwa wingi, shangazi alikwenda kuchagua hilo hilo.

Miguu ya Bwana Nyabuto ikaacha kuning'inia ovyo, ikakakamaa. "Amesema nini huyu? Amesema kiburi?"

Billow alihisi maji yamemfika shingoni. Siku hizo mtu aliwekwa kizuizini kwa kumtazama afisa vibaya, sembuse kumtukana hadharani. Na akitiwa ndani mama, ngamia ndiyo basi tena.

"Habana, Bwana," akasema, maana kwenye Kiswahili chake p na v zilimshinda. "Hajasema kiburi. Amesema kibir. Hiyo ni neno ingine kabisa."

"Mbona yanafanana?"

"Inafanana kwa jina tu, Bwana, hata jirani si jirani. Kibir ya Kisomali ni ile ukubwa mtu anazaliwa nayo. Ni heshima. Mtu wa kibir akifika mahali, hata kama hajasema kitu, watu wanajua leo mtu amefika haba."

Bwana Nyabuto akafikiri. "Kwa hivyo anasema mimi nina hiyo kibir."

"Sana, Bwana. Anasema imekushika."

"Imenishika." Alilirudia neno polepole, akijipapasa kifuani kana kwamba angeikuta hapo chini ya vifungo. "Hebu muulize. Ni kubwa kiasi gani?"

"Eeddo," Billow akamwambia Shamis, maana kwa Kisomali shangazi na mtoto wa kaka yake huitana hivyo, kila mmoja kwa mwenzake, "eeddo, anauliza kibir yake ni kubwa kiasi gani."

Shamis alimtazama kuona kama jua limempiga. "Anauliza mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi mwambie tangu Firauni haijapata kuonekana kama hii."

Bwana Nyabuto alilelewa na Biblia, ambayo humwita mtu huyo Farao, kwa hiyo jina lilimpita. "Firauni ndiye nani?"

"Mfalme, Bwana. Mfalme wa Misri wa zamani. Mbaka leo dunia yote haijamsahau."

Kila neno la jibu hilo lilikuwa kweli tupu, na Billow alijisifu kwa ajili yake kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa. Bwana Nyabuto alishushwa kitini akiwa na uso wa mtu aliyetoka kubatizwa upya. Billow alipomkumbusha habari ya ngamia, alishangaa kusikia kwamba kulikuwa na ngamia.

"Mtu wa kibir hafanyi mambo kwa haraka," akasema. "Aende. Kesho aje anisalimie tena hivyo hivyo. Na mwambie hivi, Billow: kuanzia sasa, kila atakayeingia kituoni anisalimie kwa neno hilo."

Hapo ndipo balaa lilipogeuka sherehe. Amri hiyo ilijitekeleza yenyewe. Wale watu waliokuwa wakifukuzwa kwa bakora ndipo waende barazani sasa walifika kabla askari hawajaamka. Walipanga mstari, wazee mbele, kina mama nyuma, na kila mmoja alipofika chini ya kiti aliinua uso, akamtazama afisa machoni, akamwambia kwa moyo wake wote, "Kibir!" Naye Bwana Nyabuto aliitikia kwa kuinamisha kichwa. Waliokwisha salimia walizunguka nyuma ya ghala, wakaingia mstarini upya. Mzee Sugow, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka wake akisubiri kufa, alibebwa juu ya punda ili aliseme mara moja kabla hajaiaga dunia. Likampa nafuu kiasi kwamba kesho yake alikuja kwa miguu.

"Billow," alisema Bwana Nyabuto siku moja, machozi yakimlengalenga, "watu hawa wananipenda."

"Hawajafanya hifi kwa afisa mwingine, Bwana," akajibu Billow. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Bwana akaagiza rangi nyeupe. Langoni pakasimamishwa kibao chenye herufi kubwa: HAPA YUPO BWANA NYABUTO. ANA KIBIR. Tangu vita vianze, kijiji kile hakikuwahi kucheka namna ile, na sitasema uongo, kilikuwa na haja ya kucheka.

Lakini kilemba cha ukoka kina ubaya wake: mwenye kumvika mwenzake huanza naye kupapasa kichwa chake. Kila nyumba ilitaka kumkaribisha Billow. Alimiminiwa chai ya kwanza, ile yenye maziwa mazito. Alisimulia jinsi alivyomwokoa shangazi yake, na kila aliposimulia, alikuwa mwerevu zaidi, afisa alikuwa mjinga zaidi, na Shamis alizidi kuwa mbali hadi akatoka kabisa katika kisa. Akaanza kukohoa kabla ya kusema, ili watu wanyamaze. Akaanza kuwaambia wenye shida, "Njoo baadaye, sasa ninafikiri." Siku moja alimwomba mwenye nyumba amwekee kigoda kilichoinuka kidogo.

Shamis alikuja kila siku kuuliza habari za Barwako, na kila siku jibu lilikuwa moja. "Eeddo, mambo haya yanataka ustadi. Niachie mimi."

Akamwachia. Mpaka siku moja akamkuta kwenye kigoda chake, glasi mkononi, katikati ya kisa, watu wakishika mbavu. Shamis hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Nirigi hasimami tena," akasema. "Tunamtia maji mdomoni kwa kitambaa. Mifugo inapelekwa mnadani lini?"

Billow akafungua kinywa. Alijua siku ya mnada, yeye mwenyewe ndiye aliyelitafsiri tangazo. "Kesho," akasema. Lilimtoka kwa sauti ndogo, kwa sababu wakati ule ule alitambua kwamba jambo hilo lilikuwa limemtoka akilini kabisa.

Shamis hakumpigia kelele, na afadhali angempigia. "Ulikuwa mkalimani wangu," akasema. "Naona siku hizi umekuwa mkalimani wa nafsi yako." Akaondoka zake.

Billow aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Aliiacha chai ile, akakimbia kituoni, akamkuta Bwana Nyabuto akisimamia upakaji rangi upya wa kibao. Alimsihi. Alimwambia mtu wa kibir husifiwa kwa huruma. Alimwambia mnyama mwenyewe ni mmoja tu, tena kakonda.

"Kesho, kesho," akasema Bwana Nyabuto. "Sina nafasi ya ngamia. Bwana Oguda, mkaguzi wa vituo, anakuja kesho kuona mifugo ikiondoka. Mtu mkubwa huyo. Amekaa Wajir miaka, Kisomali anakijua kama jina lake."

Billow akasogea karibu. "Bwana," akasema, akikitazama kibao, "na hii kibao, tukiitoa kidogo? Kesho tu? Mbele ya mkubwa, kwa Wasomali, kibir inafunikwa."

"Kibir inaogopa mtu?"

"Habana, lakini..."

"Basi iache."

Kesho yake Bwana Oguda alifika kwa gari la serikali, akiwa na kofia kubwa kuliko ya Bwana Nyabuto na kiti chake mwenyewe alichotoka nacho Garissa, maana hakuwa na desturi ya kukalia viti vya watu wadogo. Alipoketi akajikuta anayatazama magoti ya mwenyeji wake. Akaagiza matofali. Matofali yalikuwa yamekwisha. Kiti chake kikapandishwa juu ya masanduku ya risasi, na askari watatu wakasimama kukishikilia. Mabwana wale wawili wakakaa huko juu, mmoja hapa mmoja pale, kama marabu, wale korongo wa jalalani, juu ya mapaa ya mjini. Upande wa zizi, waswagaji walikuwa tayari na fimbo zao.

Hapo watu wote wakapaza sauti kwa pamoja: "Kibir! Kibir! Kibir!"

Bwana Oguda akakitazama kibao, akawatazama watu. "Hii kibir ni kitu gani?"

"Mzee anakijua Kisomali," akasema Bwana Nyabuto kwa unyenyekevu wa kujionyesha. "Mimi ni nani hata nimweleze?"

Billow alifumba macho, akaanza kusoma dua ya safari. Alipoyafumbua, aliona jambo ambalo hakulitarajia. Macho ya Bwana Oguda yalikuwa yakikimbia huku na huku, kama ya mwanafunzi aliyeulizwa somo asilolisoma. Ukweli ni kwamba miaka yote ya Wajir bwana yule alikuwa amejifunza maneno mawili tu ya Kisomali, la kumwita mtu na la kuomba maziwa. Lakini afadhali afe kuliko kulikiri hilo mbele ya Nyabuto.

"Ah, kibir!" akasema. "Ninyi mnalitamka kigarissa, ndiyo maana. Ni neno zuri sana. Wajir wananiita hivyo hivyo." Kisha akakunja uso, kwa sababu alikuwa amefikiri zaidi. "Lakini wewe Nyabuto ni afisa mdogo. Yawezekanaje uandikiwe kibir kibaoni, nami mkubwa wako sina kibao? Nani kati yetu anayo zaidi?"

"Mzee, mimi sijipimi. Tuwaulize wenyewe."

Wote wakamgeukia Billow. Hii ilikuwa nafasi ambayo juzi tu angeikoholea mara mbili kabla ya kuitumia. Sasa hakukohoa. Alipenya katikati ya watu mpaka kwa Shamis.

"Eeddo," akasema, "wanataka kujua nani kati yao ana kibir zaidi. Sema wewe. Mimi kazi yangu ni kutafsiri."

Shamis aliwatazama wale wawili juu ya viti vyao. Akaitazama mifugo. "Waambie kibir haipimwi kwa kiti," akasema. "Lile pale ni lango la zizi. Wangu ni yule mwenye kovu shavuni. Tuone nani ni mkubwa wa kutosha kulifungua."

Billow alitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Zilizoumia ni zile p na v tu.

Bwana Oguda hakungoja. "Mfungulieni mama huyu ngamia wake! Mimi Oguda nimesema!"

Barwako akatoka. Bwana Nyabuto alihisi kibir yake ikivuja mchana kweupe. "Ngamia mmoja?" akasema. "Kituo ni changu. Fungueni ngamia wote!"

"Na ng'ombe!" akanguruma Bwana Oguda.

"Na mbuzi!"

"Na kondoo, na wenyewe waruhusiwe kulisha ng'ambo ya mpaka hadi mvua inyeshe!"

"Mvua ya pili!" akalia Bwana Nyabuto, karibu aanguke. "Na punda!"

Punda wale walikuwa wa kituo, wa kuchota maji ya askari, lakini amri ni amri, wakafunguliwa. Zizi likawa tupu. Bwana Oguda akatazama kushoto na kulia, akamwona kuku wa mpishi chini ya meza, akamwachia huru naye. Mpishi alipiga yowe, hakuna aliyemsikiliza. Vumbi lilipanda mbinguni, mbuzi wakaitana na wenyewe, watu wakakumbatia shingo za wanyama wao, na waswagaji wakabaki wameshika fimbo kama watu waliokuja kwenye harusi ya jana.

Nje ya lango wajukuu wa Shamis walikuwa wamemleta nirigi wakimbeba mikononi. Barwako alimnusa mara moja tu. Maziwa yakaanza kumdondoka kabla mtoto hajaifikia chuchu, na alipoifikia alinyonya huku amepiga magoti, kwa kuwa kusimama hakuweza. Shamis akalia. Billow naye akalia, wala hakujificha.

"Na jibu je?" akauliza Bwana Oguda kutoka juu, sauti imemkauka. "Nani ana zaidi?"

Shamis akajifuta uso kwa ncha ya shuka. Akainua mikono miwili, viganja juu, akasema kwa Kisomali, taratibu, maneno ambayo kijiji kizima kiliyasikia: "Mungu awapunguzie kibir."

"Amesema kibir!" wakasema mabwana kwa pamoja. "Anasemaje?"

"Anawaombea dua, Bwana," akasema Billow. "Dua ya kibir yenu."

"Sisi wote wawili?"

"Wote wawili, sawasawa. Hakubagua."

Wakaridhika. Bwana Oguda akavua kofia yake mwenyewe. Bwana Nyabuto akaangalia, naye akaitoa yake mikononi mwa askari wake ili apate kuishika kifuani. Wakainamisha vichwa, wakaitikia "Amina!" kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake kwa sauti, na kijiji kizima kikaitikia nyuma yao, "Amin!"

Billow alitikisa midomo pamoja na wengine. Shamis, kamba ya Barwako mkononi, akamgeukia.

"Na wewe, eeddo. Sikukusikia."

"Amin," akasema Billow.

"Huko Mbinguni ni mbali."

"Amin!" akaipaza Billow kwa pumzi yake yote, machozi bado shavuni, mpaka Bwana Nyabuto akageuka kitini kumtafuta ni nani huyo anayetaka kumshinda.